Kilo Tano za Mzee Winchi

Saa mbili asubuhi, mashine ya tatu inasimama na mzee mmoja anaufungua mlango wake wa kioo. Mvuke unamfunika uso. Anaingiza mikono yote miwili, anavuta fundo la shuka zilizolowa, anapinda magoti huku mgongo kaunyoosha, kisha anainuka nalo taratibu kama aliyebeba mtoto aliyelala.

"Usinyanyue kwa kiuno," anamwambia mwenzake wa zamu. "Kiuno ni cha kuazima. Miguu ndiyo yako."

Katika chumba hiki cha kufulia nguo za hospitali hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote wanamwita Mzee Winchi. Ana miaka sitini na mbili, na kwa siku hutoa mashineni nguo mbichi zisizopungua kilo mia nne. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na sita.

Jina la Winchi alikuja nalo. Alipewa enzi zake za kunyanyua uzito, alipokuwa bingwa. Miezi miwili iliyopita, chama cha mchezo huo kiliamua kuwaenzi wanyanyuaji tisa wa zamani, watu walioshindana miaka mingi bila malipo, wakitoka kazini na kwenda mazoezini na jasho la kazi bado mwilini.

Barua ya mwaliko ilipomfikia, Mzee Winchi hakumwonyesha mtu. Aliikunja, akaitia katika mfuko wa ovaroli, akatembea nayo wiki mbili.

Mkewe ndiye aliyeikuta. "Nikamuuliza, baba, watu wanataka kukupa heshima, mbona unaificha kama hati ya polisi?" anasimulia. "Akasema mgongo unamuuma. Mgongo huo nimelala nao miaka thelathini na minne. Nilijua si mgongo."

Habari zikaenea. Binti yao aliyeolewa akamnunulia baba yake koti jipya. Ndugu wakaarifiwa.

"Nilitaka kukataa," anasema Mzee Winchi. "Lakini ukikataa heshima lazima utoe sababu. Na sababu ndiyo niliyokuwa naikimbia."

Sababu yenyewe ina umri wa miaka thelathini na moja.

Wakati huo alifanya mazoezi na rafiki yake, fundi cherehani mwembamba aliyeitwa Sindano, katika ghala la mbao. Chuma chao kilikuwa ekseli ya lori, na uzito ulikuwa saruji iliyomiminwa kwenye makopo ya rangi. Fulana zao za mashindano alizishona Sindano mwenyewe.

Mwaka ule walibaki wawili katika fainali. Mzee Winchi aliita kilo mia moja na arobaini kwa jaribio lake la mwisho.

"Nilipoinama kushika chuma, nikaona vibanio havipo," anasema.

Vibanio ni vipande viwili vya chuma vinavyokaza sahani za uzito zisiteleze, kimoja kila upande, na kila kimoja kina kilo mbili na nusu. Waliopanga uzito walikuwa wamevisahau, na waamuzi hawakuona. Mbele yake palikuwa na kilo mia moja thelathini na tano. Alijua anachotakiwa kufanya: asimame, amwambie mwamuzi.

"Sikusimama. Nikanyanyua. Taa nyeupe tatu za waamuzi zikawaka, kwamba nimefaulu, watu wakapiga kelele, nami nikainua mikono."

Ili kumshinda, Sindano aliita kilo mbili na nusu zaidi ya zile mia moja na arobaini. Safari hii vibanio vilikumbukwa. Alikifikisha chuma juu ya kichwa, na hapo kiwiko cha kulia kikaachia. Hakunyanyua tena maishani. Mkono ule haunyooki mpaka leo, na ilimbidi ajifunze upya kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto.

Mzee Winchi alikwenda kumjulia hali wodini, kapeleka machungwa.

"Mtu amefungwa mkono mpaka begani, ananiambia, 'Bingwa, umenishinda kihalali.'" Mzee anatazama sakafu yenye maji. "Mimi nikamenya chungwa."

Sherehe ilifanyika Jumamosi alasiri katika ukumbi wa shule. Viti tisa vilipangwa mbele, na Sindano aliketi cha pili. Mshereheshaji alisoma sifa za kila mmoja. Alipofika kwa Mzee Winchi, akazitaja kwa madaha zile kilo mia moja na arobaini, kisha akampa kipaza sauti.

"Nilipanga kusema ahsante nikae," anasema. "Nikamwona Sindano ananishangilia. Hapigi makofi kama sisi. Anapiga paja kwa mkono ule mzima."

Akasema yote. Mtu mmoja nyuma akamwambia, "Yaishe mzee, hayo ya kale." Mwenyekiti wa chama akanyoosha mkono kukichukua kipaza sauti. Binti wa Mzee Winchi akaangalia chini.

"Mwacheni amalize," akasema Sindano.

Alipomaliza, Sindano alisimama, uso umesawijika. "Ahsante kwa kusema. Ila usiniombe radhi leo. Wewe ulikuwa na miaka thelathini na moja ya kulizoea. Mimi nimeumia leo."

Akatoka, akaiacha kitini ngao aliyotunukiwa.

Mzee Winchi naye alirudisha ya kwake. Chama kimeahidi kurekebisha kumbukumbu. Binti yake hakumpigia simu kwa siku nne. Kazini, wapo wanaosema mzee kajivua nguo bure hadharani.

"Niliona aibu, nisikufiche," anasema mkewe. "Nimependeza, nimekaa mstari wa mbele! Lakini nikajiuliza: mwenzangu kaibeba peke yake miaka yote hiyo, mimi siku moja inanishinda?"

Mzee mwenyewe hataki kuitwa jasiri. "Jasiri angesema siku ile, chuma kikiwa bado chini. Mimi nimesema baada ya mtu kuzeeka na mkono mbovu."

Mwandishi wa makala haya alipomtembelea Sindano kibandani kwake, alimkuta akipiga pasi suruali ya mteja. Hakuacha kazi.

"Wanangu wamekua wakiambiwa baba yao alikuwa na tamaa, akabeba kisichobebeka," alisema. "Na mimi nikaamini. Aje nyumbani awaambie mwenyewe, si kwa kipaza sauti. Kusamehe, tutaona."

Ujumbe huo umefika. Mzee Winchi ameomba ruhusa ya Jumapili ijayo, na mkewe atafuatana naye. Anayemwogopa zaidi ni binti mkubwa wa Sindano, ambaye tangu akiwa na miaka sita ndiye aliyekuwa akimfunga baba yake vifungo vya shati kila asubuhi.

Kuna jambo moja tu amelipanga.

"Nitasema nikiwa bado nimesimama mlangoni," anasema. "Wakinikaribisha kiti kwanza, wakaniuliza habari za nyumbani, nitanyamaza tena. Najijua."