Niliyomwambia Mbwa Mweupe

Katika saluni ya mama mdogo kazi yangu ilikuwa kuongea. Anayenijua shuleni atacheka akisikia hivyo. Darasani nikiulizwa swali, jibu hubaki kooni mpaka wenzangu wanageuka kunitazama, na likitoka mwalimu anasema rudia, hatujasikia. Mbwa hawakuwahi kuniambia nirudie.

Saluni yetu ni chumba kimoja kule Nakawa, Kampala, nyuma ya duka la dawa za mifugo. Tunaosha mbwa na paka, tunachana manyoya, tunanyoa, tunakata kucha. Paka huoshwa haraka, kwa sababu paka hataki kubembelezwa, anataka mmalize aende. Mbwa wa Kampala ndio kazi. Wengi wamewekwa getini wabweke tu, hawajazoea kushikwa, na draya ya kukaushia manyoya ikiwashwa wanadhani wamekufa. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, ndiye amenilea tangu tulipotoka Bukavu, Kongo. Ni yeye aliyegundua kwamba nikimshika mbwa chini ya taya na kumsemesha sikioni, anatulia. Basi kila Jumamosi yeye alishika mashine, mimi nilishika kichwa.

"Semesha huyo," ananiambia. "Mwambie chochote."

Mwanzoni niliwaambia mambo ya bure, mvua, wali ulioungua. Mambo ya bure yakaisha. Nikaanza kuwaambia yangu.

Langu kubwa lilikuwa moja. Wiki yangu ya kwanza senior one, yaani kidato cha kwanza, niliwasikia wanafunzi wakimcheka Mkongomani mmoja wa darasa lingine, eti kwao wanajua kazi moja tu, kupanga foleni ya posho ya wakimbizi. Siku hiyo hiyo msichana wa dawati la nyuma akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikasema Nakuru. Sijui kwa nini Nakuru. Nadhani nililiona jina kwenye basi.

Kumbe yule msichana mwenyewe ni Mkenya. Alihamisha vitu vyake saa ile ile, akaja kukaa na mimi.

"Mbona unaongea hivyo lakini?" aliniuliza.

"Tulihama nikiwa mdogo."

"Ai, hata mimi Kiswahili changu kimeanza kuharibika. Hii Kampala itatumaliza."

Tangu hapo tulikuwa wawili. Alipotoka likizo kwao aliniletea majani ya chai, akasema chai ya huku haina rangi. Mtu akinicheka kwa sauti yangu ndogo, yeye ndiye alijibu. Sijawahi kuwa na rafiki mwingine shuleni, na huyo nilimpata kwa uongo. Kila siku niliogopa ajue, na kila siku nilishindwa kumwambia.

Sasa kuna desturi katika kazi yetu. Mbwa akiwa kwenye beseni, mwenyewe anatumiwa video kwenye simu, aone mnyama wake hateswi. Siku ya kwanza mama mdogo aliponirekodi nilikataa.

"Sauti naitoa," akasema. "Naweka kwaya juu yake. Nani anataka kusikia maneno yako na mbwa?"

Nilizitazama video mbili za kwanza, kweli ilikuwa kwaya tu. Sikuangalia tena. Ni mama mdogo, ningeangalia nini?

Mbwa mweupe aliletwa na dereva kila baada ya wiki mbili. Manyoya yake ni marefu na hufungamana nyuma ya masikio, na kuyafungua bila kumuumiza kunachukua karibu saa nzima. Kwa hiyo yeye ndiye alisikia mengi kuliko wote. Nilimwambia hivi, nakumbuka: "Usitetemeke. Mimi pia naogopa. Nakuru sijawahi kufika. Sisi ni watu wa Bukavu, tulikuja na mabegi mawili. Rafiki yangu ananiletea chai akidhani mimi ni wa kwao, na ile chai naona haya kuinywa."

Jumatatu moja nikakuta dawati langu lina nafasi. Rafiki yangu alikuwa amekaa mbele na wengine. Wakati wa mapumziko nilimfuata mpaka bombani.

"Nakuru wanaendeleaje?" akaniuliza.

Akafungua bomba.

"Umemwambia mbwa wetu. Mbwa. Mimi nimekaa na wewe mwaka mzima."

"Mbwa wenu?"

"Yule mweupe. Mamangu anaonyesha wageni hiyo video, eti sikieni huyu mtoto anavyoongea na mbwa, anafurahisha. Nimesimama na sinia la chai mkononi nasikia sauti yako. Wageni wanacheka, mimi ndiye nimejua ni wewe."

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Mbwa akifa?" Akafunga bomba. "Na mimi nilikuwa nakutetea. Ungesema tu Bukavu, kwani ningekula wewe?"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma njia nzima mpaka Nakawa. Sikwenda nyumbani. Nilimkuta mama mdogo anamkausha paka, nikasimama mlangoni na mkoba mgongoni.

"Ulisema unatoa sauti."

Hakuuliza sauti gani. Hapo nikajua.

"Yule mteja wa mbwa mweupe aliuliza nani anaongea," akasema. "Nikamtumia moja bila kwaya. Akapenda. Akawaambia na wenzake. Hawa watu banapenda sauti yako, hawasikilizi maneno. Wanasikiliza upole."

"Wewe ulisikiliza maneno."

Akaendelea kumfuta paka masikio.

"Mama mdogo. Ulisikia nikisema Bukavu?"

"Nilisikia."

"Na ukatuma."

"Nilituma. Alikuwa anataka kumpeleka mbwa saluni nyingine, yenye vioo. Nikaona hii itamshika." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sikujua ana mtoto shuleni kwenu."

Ni kweli hakujua. Lakini alijua ni siri, kwa sababu nilikuwa naisemea sikioni, na simu aliileta karibu ili ipate kusikia. Nilimwomba afute video zote. Akakubali, akatoa simu. Kabla ya kufuta ile ya mbwa mweupe aliitazama mpaka mwisho, na sauti yangu ilipofika kwenye mabegi mawili akatabasamu kidogo, kama mtu anayeangalia picha nzuri. Nadhani hajui alitabasamu.

Jumamosi iliyofuata mbwa mweupe akaletwa. Dereva akasema mama mwenye mbwa anaomba video, na yule msichana wa saluni aongee. Mama mdogo akanitazama. Nikamshika mbwa chini ya taya kama siku zote, nikafunga mdomo. Draya ikawashwa. Mbwa akaanza kutetemeka, kucha zikikwaruza meza, akanitazama moja kwa moja usoni. Nilitaka kumwambia hata mvua. Sikuweza.

"Mwambie kitu basi, atajiumiza."

Nikatikisa kichwa.

Mama mdogo akaegemeza simu kwenye chupa ya shampuu, ikiendelea kurekodi. Akanisogeza kwa kiwiko, akaweka mkono wake mahali pa mkono wangu, akainama sikioni mwa mbwa. Akaanza kumweleza, pole pole, jinsi anavyokosa usingizi, jinsi anavyomkumbuka mama yake aliyebaki ng'ambo ya mpaka. Sauti aliyotumia ilikuwa yangu. Ndogo vile vile, yenye kukatika katika sehemu zile zile. Sikujua kama anayosema ni kweli au anaigiza kwa ajili ya mteja, na mpaka leo sijui.

Mbwa akatulia. Akaweka kidevu kwenye kiganja cha mama mdogo, akafumba macho.

Niliokota taulo zilizolowa, nikaenda kuzikamua nje.