Kocha Haddock na Tenzi Zake

Orrin Haddock alikuja mjini kwetu Ferris, Iowa, akiuza majembe, akapanga chumba nyumbani kwangu. Kwao walikuwa wafuga nguruwe. Chuoni alikosoma alipata pua iliyopinda na mapenzi ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, basi. Chuo chetu cha kanisa kilipotafuta kocha, ni yeye tu aliyekubali. Vijana aliwaambia wafuge nywele mpaka mabegani, maana kofia za kuchezea hazikuwapo, na nywele ndizo zilizokinga kichwa. Kanisani tukasema tumeletewa akina Samsoni.

Tabu yake ilikuwa mdomo. Enzi zile kocha hakuruhusiwa kuelekeza wachezaji kutoka pembeni. Refa akimsikia, timu inaadhibiwa. Na Orrin kunyamaza hawezi, hata usingizini alifoka. Naye Mchungaji Pomeroy, mkuu wa chuo, alishamwonya kwamba wakifungwa tena na chuo cha Dunmore kwenye mechi ya sikukuu ya Shukrani, mpira utafutwa, arudi kwenye majembe.

Akabuni ujanja. Akiimba utenzi wa mto, vijana wapeleke mpira kushoto. Akiimba wa mlima, kulia. Refa gani atamkataza mtu kumsifu Mungu?

Siku ikafika, baridi na matope. Orrin akaanza utenzi wa mto. Maskini, alisahau amezungukwa na Wamethodisti. Kabla hajamaliza ubeti wa kwanza, uwanja mzima umesimama, kofia mikononi, sauti nne. Na sisi utenzi hatuukati njiani. Alipojaribu kuingiza ule wa mlima, Mama Pomeroy, mke wa mchungaji, akamgeukia.

"Mwanangu, tumalize huu kwanza. Unakimbilia wapi?"

Vijana wakaenda kushoto. Ubeti wa pili, kushoto. Wa tatu, kushoto tena, mpaka Dunmore wote wakajazana huko. Mmoja wao akawaita, "Njooni, wapendwa, tupo." Mungu anisamehe, nilicheka.

Tukasema Amina, kukawa kimya. Orrin koo lilikuwa limemkauka. Nahodha wake, Lute Sorensen, akatega sikio asisikie neno. Basi akaubeba mpira mwenyewe akakimbilia kulia, ambako hapakuwa na mtu, nywele zikipepea, akavuka mstari wa mwisho wa Dunmore. Hilo ndilo bao pekee lililopatikana siku ile.

Mchungaji akamshika Orrin bega. "Kazi bado unayo, mwanangu. Ila nimeona vijana wako wanacheza vizuri ukinyamaza."

Tangu hapo, mpaka uzeeni, kila mechi alikaa kati yangu na Mama Pomeroy, nasi tukimlisha pai ya maboga. Akimeza tu, tunampa kipande kingine.