Ovaroli ya Prof Ezéchiel

Mimi shule niliishia la saba, Tanga, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kuvizia. Kwa hiyo sikujua kama karatasi inaweza kumfunga mtu mguu kama mbuzi wa sikukuu. Nimejifunza kwa Ezéchiel.

Ezéchiel ni jirani yangu hapa Joubert Park, huku kusini tulikokuja kutafuta maisha, ghorofa ya sita, lifti ilikufa zamani. Mtu wa Lubumbashi. Alikuwa anafundisha hesabu madarasa ya matriki, wale wa mtihani wa mwisho, shule moja ya binafsi kule mtaa wa Observatory. Sote tunamwita Prof. Asubuhi akishuka ngazi utadhani anakwenda kuoa: koti, tai, kiatu kinang'aa. Mimi ndiye fundi wake wa nguo, na kila nikimpima namtania, "Prof, mwenye shule akikuona hivi atadhani shule ni yako."

Mwenye shule ni Théodore. Naye ni wa Lubumbashi, alitangulia kuja miaka ya tisini, na Kiswahili alikisahau siku aliyonunua gari. Walimu wake karibu wote wageni. Anawapenda wageni, maana mgeni hapigi kelele.

Sasa sikiliza kosa la Prof. Anasema kwao mwalimu akiajiriwa, faili lake linakaa kwa mkuu wa shule, ndiyo adabu. Basi akamkabidhi Théodore diploma yenyewe, orijino, kwa mikono miwili. Théodore akaifungia kabatini. Tangu hapo Prof akiomba likizo anajibiwa, "Diploma yako iko salama." Akikataa kufundisha Jumapili, "Diploma yako iko salama." Miaka miwili na nusu, iko salama tu.

Mwaka 2017, mwezi wa nane, kibali chake cha kukaa nchini kikawa kinaisha. Ijumaa ana miadi ya kukiongeza, na kule wanataka diploma yenyewe, kopi hawaitazami. Kibali chake kikifa, cha mkewe Brigitte na vya watoto vinakufa navyo. Jumatatu akaomba. Jumanne akaomba. Théodore akamwambia kwa Kiingereza, tutaona muhula ukiisha.

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nilisema merci, Patron."

"Merci?"

"Fundi, kinywa njo kilisema. Miye sikukituma."

Siku ile niliharibu suruali ya mteja kwa hasira. Mtu mzima, ana mke, ana akili ya kugawa namba mpaka zinalia, anashukuru kwa kunyongwa.

Jumatano ikaja habari kwamba kesho kuna wakaguzi. Hapo ndipo uchafu ulipotoka. Kumbe Prof hakuandikishwa popote. Kwenye vitabu vya shule mwalimu wa hesabu ni Gaston, shemeji yake Théodore, ambaye hesabu anayoijua ni ya bia. Walimu wengine wasioandikishwa wakaambiwa wabaki nyumbani. Prof akaambiwa aje, sababu mfagiaji anaumwa na vyoo vinanuka. Akapewa ovaroli ya kijivu na dekio.

Alhamisi hiyo akadeki korido mbele ya wanafunzi wake. Binti mmoja, Shekinah, wa kwanza darasani, akasimama akamwamkia vilevile kama kila siku. Prof anasema pale ndipo alipotaka ardhi immeze. Akainamia ndoo.

Ndani Gaston anafuta ubao, anaandika, anafuta.

Théodore akatokea na wakaguzi wawili, kanyooka kama mlingoti. Akamtupia Prof bunda la funguo, na kwa Kiswahili kabisa, Kiswahili kilichopotea miaka ishirini, akasema, "Weye, kasafishe ofisi yangu, wageni watakunywa chai. Haraka."

Ofisini Prof akafagia kweli, mwalimu hajui kufanya kazi nusu. Akafuta meza. Halafu akatazama kabati, akatazama funguo. Wa tatu ukaingia.

Diploma yake ilikuwa chini kabisa. Juu yake za wenzake kumi na mmoja, ya Murielle mwalimu wa Kifaransa, za Wazimbabwe, zote. Alitaka kuchukua ya kwake tu. Anasema mkono ulikataa. Akazitia zote kwenye mfuko mweusi wa taka, juu akamwaga makaratasi na majani ya chai ya jana, akaufunga.

Mlangoni akakutana nao uso kwa uso.

"Toa ile uchafu," Théodore akasema.

"Ndiyo, Patron."

Akatoka getini na ovaroli yake, mfuko begani, akaja kwa miguu mpaka kwangu, na kwenye kila robot, zile taa za barabarani, aliposimama watu walisogea mbali naye kwa harufu. Tukazimwaga juu ya meza yangu ya kukatia. Ya Murielle ilikuwa na doa la chai. Prof akalifuta kwa ncha ya tai aliyoivaa ndani ya ovaroli, akilaani kwa lugha tatu.

Ijumaa akaenda kwenye miadi. Kibali akapata. Kazi hana, na wale watoto wa matriki wamebaki na Gaston, jambo ambalo mpaka leo likitajwa Prof anaondoka mezani.

Jumatatu simu ya Prof ikalia akiwa kwangu. Théodore. Diploma hakuthubutu kuziulizia, angeulizwa yeye kwanza alikuwa nazo kwa nini. Akauliza ovaroli ya shule iko wapi.

Prof akaitazama pale ilipotundikwa, nyuma ya cherehani yangu.

"Patron," akasema, "iko salama."