Veste mbili za chef

Nilikuwa nahitaji signature moja tu ya chef kwenye dossier ya kuomba kazi, na dépôt, kule kuzipeleka, ilikuwa inafungwa saa sita mchana. Nikaingia ofisi ya Serikali, karibu na mtaa wa Birere.

«Chef iko,» secrétaire akasema, akinionyesha kwa kidevu kiti kitupu chenye koti mugongoni. «Hauone veste yake?»

«Mama, mimi sikuje kusalimia veste.»

«Basi umufuate kwenye conseil, baraza ya commune. Si tulimuchagua kule?»

Nikapanda pikipiki mbio. Huissier wa conseil, muzee mupole wa kupokea wageni mulangoni, akanionyesha kiti kingine. Veste ingine! «Honorable iko, papa. Ametoka kidogo, ameenda ku ile ofisi yake ingine.»

Nikafoka: sheria inasema ukichaguliwa unaacha kazi ya Serikali, unabaki na kiti kimoja. Incompatibilité, quoi! Tulifundishwa mwaka wa kwanza wa masomo ya droit.

Muzee akanitazama kwa huruma. «Mutoto yangu, ile barua ya kumukumbusha aache kazi ya Serikali, nani ataisaini? Si yeye ndiye chef?»

Saa sita ikapita. Veste zake mbili ziko kazini mpaka leo. Yangu, ile ya siku ya diploma, inaning'inia kwenye musumari nyumbani, mtaa wa Majengo.