Swichi Nyekundu Siku ya Ndoa ya Yaya Solange

Kama Jumamosi ile ulipita mu avenue yetu, hapa Katuba, ukaona bibi-arusi mwenye nywele za upande mmoja anakimbia mbele ya fanfari ya matarumbeta, ninakuomba usimcheke yeye. Unicheke mimi, mdogo wake, Trésor. Hata leo nikienda kununua mkate, mama muuzaji ananiuliza, "Trésor, ukiubeba wewe hautalipuka?", na ninacheka naye, maana nitafanya nini tena?

Mimi ni mtu wa ndoto, nakubali. Masomo niliyaacha katikati ya sekondari, lakini kompyuta ninazipenda vile wengine wanavyopenda mpira, na ubao wa maison yangu ya biashara nimekwisha kuuchora, "Trésor Informatique Monde Entier" (maison yenyewe haipo, ubao upo). Nyumbani tuna mashini moja ya mezani, ya zamani kidogo, na ndani yake kulikuwa na kitu ambacho hakikuwa mahali pengine popote duniani: sauti ya Baba. Alipoona ugonjwa unamzidi, Baba aliniomba nimrekodi akimbariki dada yangu mkubwa, yaya Solange, ili siku atakapoolewa watu wamsikie mu salle ya sherehe. Baba akafariki. Simu niliyomrekodia ikaanguka mu ndoo ya maji, ila sauti nilikuwa nimekwisha kuiweka mu mashini. Kuihamisha kwenye clé ya USB, nilisema nitafanya kesho, kesho, mpaka kesho ikawa Jumamosi ya ndoa.

Asubuhi ile nikawasha mashini, na kabla haijafunguka vizuri umeme ukakatika. Watoto wa parcelle, pale uani, wakalia "Eeeh!", ukarudi wakalia "Iyooo!", lakini ulirudi dhaifu, taa ikawa na rangi ya papai, na mashini ikakataa. Ninabonyeza, feni inazunguka nusu, inakufa. Nikabadilisha prise ya ukutani, nikabadilisha kamba ya umeme, nikaifungua nikatoa kibao cha memori nikakisugua na gomu ya shule ya kufutia (hiyo nilijifunza mu video), nikakirudisha, nikapigapiga ubavu wa mashini taratibu kama mtu anayeamsha mgonjwa. Bure. Mama naye anapita na masahani ya wageni, na kila akipita anauliza, "Trésor, baba yako iko je?", utafikiri Baba mwenyewe amelala mule ndani.

Ndipo nikaigeuza nikaona nyuma, karibu na pale kamba inapoingia, swichi ndogo nyekundu: upande mmoja volti 230, upande mwingine 115. Nikafikiri (na mimi nikianza kufikiri, watu wakae mbali): umeme umepungua, si ndiyo? Mashini inangojea mwingi, inapata kidogo, inakasirika. Basi tuiambie ingojee kidogo. Nikasukuma swichi kwenye 115, nikabonyeza, na mashini ikawaka! Feni iliimba! Nikamwita Mama, akapiga vigelegele, tukashikana mikono tukacheza mbele ya kioo cha ekra, na palepale umeme ukakatika kabisa, mara hii bila hata kuaga.

Mtu mwenye akili angengoja. Mimi nikakumbatia mashini kifuani, ekra nikaifunga mgongoni na pagne ya Mama kama mtoto, nikaenda saluni ya Ma Nicole, jirani yetu, kwa sababu ana jenereta (groupe, tunasema huku), na ndiyo pale yaya Solange na wenzake walikuwa wanatengenezwa nywele.

"Weye Trésor, umezala lini?" Ma Nicole aliniuliza akiona mgongo wangu, na saluni nzima ikacheka.

"Ma Nicole, unipatie prise moja tu. Hii mashini ilikufa, ni mi mwenyewe niliifufua."

"Groupe yangu iko ya kukausha nywele, haiko ya kufufua bantu balikufa!"

Yaya Solange alikuwa amekaa na taulo mabegani, nusu ya kichwa imenyooshwa, nusu ingine inasimama kama inayobishana. Akasema, "Ma Nicole, umuachilie. Iko na sauti ya Baba."

Basi nikaunga ekra, nikawaeleza wamama wote pale kwamba ufundi si diplome, ufundi ni kipaji, wengine tunazaliwa nacho, na huku ninasema hivyo nikachomeka. Sasa, umeme wa Ma Nicole haukuwa wa rangi ya papai. Ulikuwa umeme mzima, wenye afya yake, na swichi yangu ilikuwa bado pale pa 115, maana furaha ilinisahaulisha kila kitu.

PAAA!

Kama tairi ya lori. Moshi ukatoka mgongo wa mashini, jenereta ikazimika, mtu akalia "Bombe!", na wote tukatoka mbio (siwezi kudanganya, wa kwanza kufika nje nilikuwa mimi). Huko nje fanfari ilikuwa inangoja, na ilikuwa imeambiwa jambo moja tu: bibi-arusi akionekana mlangoni, mpige. Yaya akaonekana mlangoni. Wakapiga. Tarumbeta, ngoma, kila kitu, na yaya katikati ya avenue na kiatu kimoja, taulo na nusu kichwa. Mu gari ya familia ya bwana-arusi, shangazi mmoja akashusha kioo: "Huyu njo muke tulikuja kutwaa?"

Yaya hakunipiga. Aliniuliza tu polepole, ngoma zikiendelea, "Trésor, na sauti ya Baba?"

"Sijui, yaya," nikasema. Lilikuwa neno la kweli la kwanza kutoka kinywani mwangu siku ile.

Nikabeba mashini mbio mpaka kwa Serge, fundi wa karibu na soko, anayetumia umeme wa jua. Akanusa, akaangalia swichi, akaniangalia mimi. "Petit, iliomba chakula ya muntu moja, ukaipatia ya bantu mbili." Akafungua skrubu, akatoa diski, akaiunga kwenye mashini yake, na mimi huko nimefumba macho ninaomba hata majina ya watakatifu nisiowajua vizuri. "Fungua macho," akasema. "Alimentation, hii ya kupokea umeme, njo imekufa. Baba iko muzima." Nikalia mbele ya wateja wake wote.

Usiku, mu salle, yaya nywele zake zimetimia, wakazima muziki, wakaiweka ile sauti. Baba akakohoa. Halafu, kabla ya baraka yoyote, kipande ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekisahau:

"Trésor, imeanza? Trésor! Acha kugusa-gusa, mwana! Kila kitu weye unagusa! Uache mashini itumike kazi yake yenyewe!"

Salle ikapasuka kwa kicheko. Habari ya saluni ilikuwa imekwisha kufika kila meza, Ma Nicole alianguka juu ya bega la bwana asiyemjua, yaya Solange akacheka mpaka machozi, na alipokuwa bado anayapangusa Baba akasema, "Solange, mwana wangu," na hakuna aliyecheka tena.

Sauti ile sasa iko kwenye clé tatu, moja kwa yaya, moja kwa Mama, moja kwangu. Yangu ninaisikiliza kila ninapotamani kufungua mashini ya mtu. Ninasikia ule mwanzo tu, halafu ninaweka mikono mfukoni.