Mchumba wa Plastiki

Nilimkuta ndani ya mfuko wa koti. Miaka ile ya Ujamaa, kanisa letu, juu kidogo ya mji wa Lushoto, lilikuwa likipokea maboksi ya nguo kuukuu kutoka kwa marafiki wa ng'ambo, na safari hiyo mimi niliangukiwa na koti la sufu lililonifika vifundoni. Baridi ya Julai ilikuwa imekaza, kwa hiyo hakuna aliyelalamikia urefu. Kwenye mfuko wa ndani, mahali ambapo mtu mwingine angesahau kitambaa cha mafua, alikuwamo mwanamume wa plastiki, shujaa wa aina ile inayoruka angani kuokoa watu. Suti yake ilikuwa ya kijani, joho lake la manjano, na juu ya suti, hadharani kabisa, alikuwa amevaa chupi.

Nilimpeleka kwa bibi kabla hata ya kulivua koti. Bibi, mama yake baba, alikuwa mpimaji wa kila kitu pale nyumbani. Sokoni hakununua chungu bila kukigonga kwa kifundo cha kidole na kukisikiliza, na chungu kisipolia vizuri alimrudishia mfinyanzi huku akimpa pole kama aliyefiwa. Watu nao aliwapima hivyo hivyo, ila wao hakuwagonga.

Mimi na yeye tulikuwa watani, maana kwetu bibi na mjukuu hawana mipaka ya maneno. Aliniita mke mwenzake. Babu alikuwa amekwisha kufariki, lakini hilo halikumaliza ugomvi wetu. Bibi alikuwa akiwaambia wageni kwamba mzee angekuwa hai mpaka leo kama si ugali mbichi niliokuwa nikimpikia. Wakati babu anafariki mimi nilikuwa sijaota meno yote.

"Mke mwenzangu," nilimwambia, "nimetuletea mume mwingine."

Alimpokea, akamgeuza miguu juu.

"Anafanya kazi gani?"

"Ni shujaa, bibi. Anaruka."

"Anaruka kwenda wapi?"

Hilo sikulijua.

"Basi ni mzururaji," akasema, na siku zile neno hilo halikuwa mchezo, maana serikali ilitaka kila mtu aonyeshe shamba lake. Akaendelea kumpekua. Aligonga kifua, akasikiliza, akatangaza kwamba ni kitupu. Alimnusa. Aliona parafujo mgongoni, akauliza kama huyo bwana ni mtu au ni baiskeli. Mkono mmoja ulikuwa umekunja ngumi, na bibi akasema huo ni mkono wa mchoyo. Mkono wa pili ulikuwa na tundu la kushikia silaha iliyopotea, na bibi akasema kila utakachompa kitapitia hapo. Mwisho alimsimamisha uani. Ua wetu ulikuwa na mteremko, kama nyua zote za kule, na shujaa alianguka kifudifudi. Akamsimamisha tena, akaanguka tena. Goti la kulia lilikuwa zima, lakini la kushoto lililegea kila ulipolinyoosha.

"Huku kwetu mtu anaishi kwa magoti," alisema. "Kupanda magoti, kushuka magoti, kuomba Mungu magoti. Hawa watu wenu wa tambarare wana vifua tu."

Mimi sikuwa na watu wowote wa tambarare. Lakini jikoni shangazi alifunika chungu kwa kishindo ambacho nadhani kilisikika mpaka kijijini Magamba.

Shangazi alikuwa mdogo wake baba na kitindamimba wa bibi, na ndiye binti pekee aliyekuwa amebaki naye nyumbani. Mwalimu mmoja kijana, aliyeletwa shuleni kwetu kutoka Tanga, alikuwa amempenda, naye shangazi alikuwa amempenda pia, kiasi kwamba alikuwa akienda kuchota maji kwenye kijito cha mbali, kilichopita karibu na shule, eti cha karibu kina matope. Wajumbe wa mwalimu walikuja, wakanywa chai, wakaeleza shida yao kwa adabu. Baba akawajibu kwamba mama yake, yaani bibi, ndiye atakayesema. Wakaja tena. Bibi hakusema. Mwisho wa mwaka mwalimu alikuwa ahamishiwe pwani, na kila mtu alijua kwamba bibi akiendelea kunyamaza mpaka hapo, jambo lile litakufa lenyewe, bila mtu kulaumiwa kwa kukataa. Shangazi alikuwa akipungua mwili. Kumwuliza mama yake uso kwa uso hakuweza. Mambo ya mwanamume hayazungumzwi hivyo kati ya mama na binti, ni kukosa heshima.

Kwa mjukuu, sasa, lolote lilisemeka. Ndivyo ndoa ya shangazi yangu ilivyojadiliwa wiki zile zote kupitia mimi na mtu wa plastiki.

Kesho yake asubuhi nilimkuta shujaa ameshika jembe. Shangazi alikuwa amelichonga kutokana na kijiti, akalipachika kwenye lile tundu la mkono. Bibi alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka pale, lakini shangazi alinigeukia mimi.

"Mwambie bibi yako, hilo tundu ni la mpini. Mume wenu hakuja kukaa bure."

Nikamwambia bibi, kana kwamba yeye ni kiziwi. Bibi akalitazama jembe.

"Analishika kwa mkono mmoja," alisema. "Kama kiongozi anayepigwa picha."

Siku zilizofuata shangazi alimfumia fulana ya sufu iliyoziba ile chupi, jambo ambalo mama yangu alilishukuru sana kwa ajili ya wageni wa kanisani. Bibi aliisifu fulana, kisha akaniuliza, kwa sauti ya kufika jikoni, kama mume wetu naye amewahi kumfumia mtu chochote, au kazi yake ni kuvalishwa. Shangazi akamwegemeza shujaa kwenye boga karibu na mlango, mahali ambapo bibi hakuweza kupita bila kumwona. Bibi akawa anampita akimsalimu, "Hujambo, baba? Bado umeegemea?" Nilijiona mtu mkubwa sana. Nilikuwa mjumbe pekee ambaye hakuna aliyemchelewesha.

Alasiri moja mwalimu akaja mwenyewe. Alikuja kwa jambo la serikali, au ndivyo alivyosema: kumhimiza bibi ahudhurie kisomo cha watu wazima. Viatu vyake vilikuwa vimeng'arishwa na suruali ilikuwa na tope upande mmoja mpaka kiunoni, maana njia yetu ilikuwa imekwisha kumkaribisha. Aliinama sana, "Shikamoo, mama," kisha akaongeza salamu ya Kishambaa aliyofundishwa na wanafunzi wake, polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Bibi alimwitikia zote mbili na kumpa kigoda. Kabla mwalimu hajafungua mdomo kuhusu kisomo, bibi alimtwaa shujaa pale kwenye boga na kumtia mkononi.

"Mwalimu, wewe umekulia mjini. Nipimie huyu. Ni mtu, au nimebebeshwa takataka?"

Shangazi alikuwa mlangoni mwa jikoni na ungo wa maharage. Aliacha kupepeta. Mimi pia nilielewa kwamba swali lile halikuwa la plastiki. Aliyekuwa haelewi pale uani alikuwa mwalimu peke yake, naye uso ulimchangamka.

Kumbe vitu hivyo alivijua. Tanga, nyumba ya jirani yao, mtoto wa mwenye duka alikuwa na rafu nzima ya mashujaa wa namna ile, na mwalimu alikuwa amekulia dirishani akiwatazama. Akachomoa kalamu mfukoni, akaanza kufundisha.

"Sura yake ni nzuri, mama."

"Sura nimeiona."

"Rangi hapa shingoni imevuka mpaka. Wazuri hawako hivi. Mshono wa ubavuni haukusawazishwa, pitisha kidole uone. Silaha yake imepotea, hili jembe ni la kuongezewa. Lakini kinachotazamwa zaidi ni viungo. Aliye bora unamkunja, anakaa vile vile ulivyomweka. Huyu goti hili halishiki. Anayekusanya hawa hawezi kumweka mbele. Anamficha nyuma ya wenzake."

Shangazi alimkonyeza, akatikisa kichwa, akakunja uso. Mwalimu alimwonea huruma kwa moshi wa jikoni, akaendelea.

"Na peke yake?" bibi aliuliza. "Anasimama?"

"Peke yake hasimami, mama. Sitakudanganya."

"Basi nimtupe."

"Hapana! Asitupwe." Alishtuka kweli, kama mtoto. Akashuka kwenye kigoda, akachuchumaa, akaokota kijiwe bapa na kukiweka chini ya mguu wa kushoto. Shujaa akaanguka. Akatafuta kijiwe kingine. Mwisho alipiga magoti yote mawili kwenye tope, ulimi umemtoka pembeni, amesahau kisomo, amesahau serikali, amesahau hata kwamba mwanamke anayemtaka anamtazama. Alipoondoa mikono, shujaa alibaki wima.

"Kwenye mteremko anataka mtu wa kumwekea jiwe," alisema. "Akishawekewa, anasimama kama wengine."

Bibi hakuwa akimtazama shujaa. Alikuwa akiyatazama magoti ya mwalimu, na nilimwona akijitahidi kutocheka, akashindwa. Alicheka mpaka akashika mbavu. Mwalimu naye akacheka kwa adabu, bila kujua kwa nini. Alipewa maji ya kunawa, akaaga, akashuka na njia akijishikilia kwenye majani ya ukingoni. Kuhusu kisomo hakukumbuka kuuliza tena.

Nilisubiri kupewa ujumbe wa kupeleka jikoni. Badala yake bibi alimwita shangazi kwa jina lake, akamwambia aketi. Sikuwa nimewahi kuona hivyo.

"Unamtaka?" alimwuliza, kwa Kishambaa, macho kwa macho.

Shangazi aliangalia chini. "Namtaka, mama."

"Basi wajumbe wake waje Jumapili baada ya ibada. Nitasema." Kisha akaongeza, "Lakini Tanga ni mbali, mwanangu. Mimi nitabaki na nani?"

Shangazi akaanza kulia. Mimi nilidhani ni zamu yangu, na nilikuwa na jibu zuri, kwa hiyo nikadakia, "Utabaki na mimi, mke mwenzako."

Bibi alinigeukia, akaniangalia toka kwenye koti mpaka usoni.

"Wewe nawe utaondoka," alisema.

Nilikaa nikimsubiri acheke. Aliuchukua ungo mapajani mwa shangazi, akaanza kuchambua maharage bila kuyatazama, mabovu na mazima akiyaweka pamoja.