Kucha za Chuma Mbele ya Geti la Elburgon

Wapiga gitaa Nakuru ni wengi, lakini mwenye kucha za chuma nilikuwa mimi peke yangu, na bado sijasikia wa kunibishia. Nilizinunua Doha, nilikokuwa nikitengeneza viyoyozi kwa diploma niliyoisomea jioni, baada ya kushinda mchana nikipakia magunia ya mahindi Rongai. Kucha hizi huvaliwa kama pete kwenye ncha ya kidole, na ulimi wake ndio unaokwaruza waya. Muuzaji alinionyesha za plastiki, nikamrudishia: zinanong'ona. Za shaba zilikuwa na sauti tamu, lakini zilipinda nikizitazama tu. Nikachukua mbili za chuma cha pua. Dole gumba ndilo nililolipa plastiki, nene, kwa sababu besi haitaki kelele za sahani. Nilizibana kwa koleo mpaka zikanikaa sawasawa, kisha kila jioni nikazipigia chumbani, jasho likinitiririka.

Niliporudi, nilienda na jamaa zangu Elburgon kuposa. Kule, kama kwetu, wanawake wa nyumba hufunga geti na kuimba, na wageni huwajibu kwa nyimbo mpaka wafunguliwe. Anti zangu walitaka kufanya mazoezi. Niliwakataza.

"Pumzikeni. Hilo geti nitalifungua kwa vidole vitatu."

"Na vikishindwa?" akauliza anti mkubwa.

"Anti, nina diploma."

"Ya mageti?"

Elburgon ilikuwa na ukungu na harufu ya mbao mbichi. Wanawake walishaanza kutuimbia wakiwa ndani. Nikavaa kucha zangu, nikajisogeza mbele, nikapiga. Kabla wimbo haujashika, kucha ya kidole cha kati ilichomoka, ikaruka juu ya geti. Ya kidole cha shahada ikaanguka matopeni.

Kupitia nondo za geti nikamwona nyanya wa mchumba wangu akiinama, akaiokota ile iliyoruka.

"Huyu ametutupia nini?"

"Mahari hiyo, shosho!" mwingine akadakia. "Tungoje mbuzi nao warushwe!"

Nikawageukia anti zangu. Walikuwa wamekunja mikono.

"Sisi tumepumzika," akasema anti mkubwa.

Wazee wetu wakaanza kuangalia saa, kisha gari. Kurudi Nakuru bila kuvuka geti ni kurudi bila mke, na diploma haifuti aibu kama hiyo. Nikatazama vidole vyangu. Vilikuwa vimenywea! Doha joto lilivijaza, na kucha nilizibana kwa kipimo cha joto lile. Hapa baridi ya msitu wa Mau ilikuwa imevipunguza. Niliielewa hali hiyo upesi kuliko mtu yeyote pale, maana baridi ndiyo niliyosomea.

"Mama," nikamwita mama wa mchumba wangu, "naomba kikombe cha chai moto."

Geti lilitikisika kwa vicheko. "Hajaingia na anataka chai!"

"Si ya kunywa, mama. Ya kushika."

Wakashauriana. Kikombe kikapitishwa juu ya geti, na sauti ya shosho ikakifuata: "Ukionja tu, unarudi Nakuru!"

Nikakikumbatia kwa viganja. Tangawizi ilinipanda puani, lakini sikuonja. Anti mmoja alijaribu; nikamgeuzia mgongo. Vidole vilipojaa, nikaifuta tope ile kucha iliyobaki, nikaivaa. Ikabana.

"Shosho, naomba na hiyo nyingine."

"Ipi? Hii ni yetu. Piga na zilizobaki."

Nikapiga na mbili. Besi ilitembea, chuma kikalia, na msumeno wa umeme wa jirani ukanyamaza kunisikiliza. Wivu ndio unaosema stima ilikuwa imepotea. Mama aliyeshika ufunguo alijikaza, akatingisha bega moja, kisha yote mawili, na shosho alipoanza kucheza ikabidi geti lifunguliwe ili apate nafasi.

"Ulisema vitatu," anti mkubwa akaninong'oneza tukiingia.

Ile kucha sikuwahi kurudishiwa. Shosho huitumia kutoboa mstari wa kwanza anapopukuchua mahindi, na huwaambia wageni kwamba mkwe wake alimtengenezea Doha. Sijamsahihisha. Kila nikienda kumsalimia hunimiminia chai, akanisukumia kikombe.

"Hiki," husema, "unaweza kunywa."